Charles Tombeur: Jenerali wa Ubelgiji na stempu za kwanza zenye jina la Ruanda

Stempu za kwanza kubeba jina la nchi inayoitwa leo Rwanda zilitoka mwaka 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Hazikuchorwa kwa ajili ya nchi hii. Zilikuwa stempu za Kongo ya Ubelgiji, zikapigwa chapa ya neno moja juu ya picha zake: RUANDA. Nyingine za aina hiyohiyo zilipigwa neno URUNDI.

Wakusanyaji wa stempu duniani hawaziiti kwa jina la nchi. Wanaziita kwa jina la mtu, Tombeur. Huyo ni Jenerali Charles Tombeur, kamanda wa majeshi ya Ubelgiji yaliyoingia Kigali tarehe 6 Mei 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo.

Tombeur alifariki dunia mwaka 1947 akiwa na cheo cha baroni. Nje ya vitabu vya historia ya vita, jina lake linaishi zaidi miongoni mwa watu wanaoshika kibano na lenzi, wakijaribu kutenganisha stempu halisi na za bandia. Kazi hiyo inataka subira, na anayeifanya vizuri hujifunza mengi kuhusu namna nchi hii ilivyohama kutoka mkono wa mtawala mmoja hadi mwingine bila wananchi wake kuulizwa.

Kutoka Liège hadi Katanga

Charles Henri Marie Ernest Tombeur alizaliwa tarehe 4 Mei 1867 katika mji wa Liège, mashariki mwa Ubelgiji. Mwezi Desemba wa mwaka huohuo, katika mji wa Posen, alizaliwa Richard Kandt, daktari ambaye mwaka 1907 aliianzisha Kigali kuwa makao ya utawala wa Kijerumani nchini Rwanda. Wanarika hao wawili walikuja kufungamana na mji mmoja: mmoja aliuanzisha kwa niaba ya Berlin, na majeshi ya mwenzake yakauteka kwa niaba ya Ubelgiji.

Tombeur alichagua kazi ya jeshi. Ubelgiji wa zama zile ulikuwa nchi ndogo isiyopigana na majirani zake, na maofisa vijana waliotaka kupanda vyeo walielekeza macho yao Kongo. Nchi hiyo kubwa ilikuwa chini ya Mfalme Leopold II binafsi tangu mwaka 1885, hadi dola la Ubelgiji lilipoichukua mwaka 1908 kufuatia lawama za dunia juu ya ukatili uliotendwa katika uvunaji wa mpira.

Tombeur alikwenda Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, akatumikia katika Force Publique, jeshi la askari wa Kiafrika lililoamriwa na maofisa wa Kizungu. Baadaye alipelekwa Katanga, jimbo la shaba lililoko kusini. Vita vilipolipuka Agosti 1914, yeye ndiye aliyekuwa akisimamia jimbo hilo.

Ubelgiji ulivamiwa na Ujerumani na sehemu yake kubwa ikakaliwa. Serikali ililazimika kuhamia Sainte-Adresse, kitongoji kilicho karibu na bandari ya Le Havre nchini Ufaransa. Hivyo mawaziri waliokuwa wamepoteza karibu nchi yao yote waliendelea kutawala koloni kubwa katika moyo wa Afrika.

Mwanzoni serikali hiyo ilitumaini kwamba Kongo ingebaki nje ya vita. Tumaini hilo halikudumu. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani iliishambulia Lukuga, mahali panapojulikana leo kuwa Kalemie, katika Ziwa Tanganyika. Mwezi uliofuata Wajerumani walikikalia kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu.

Tombeur alituma askari kuwasaidia Waingereza kulinda mpaka wa Rodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mapema mwaka 1915 alikabidhiwa amri ya majeshi yote ya Ubelgiji katika mpaka wa mashariki.

Stempu za Wajerumani na alama iliyofichika

Kabla ya vita, Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani pamoja na Tanganyika. Stempu za koloni hilo zilionyesha meli ya Mfalme wa Ujerumani, Hohenzollern, ikikata mawimbi. Jina lililoandikwa lilikuwa la koloni zima, kwa Kijerumani. Rwanda haikutajwa.

Kiswahili, ambacho Wajerumani walikitumia sana katika ofisi zao za utawala, hakikupewa nafasi katika stempu hizo. Thamani peke yake ndiyo iliyokuwa na sauti ya pwani: awali pesa na rupia, na kuanzia mwaka 1905 heller na rupia.

Stempu za meli hiyo ni mfano mzuri wa ugumu wa kutambua stempu kwa usahihi. Chukua ile ya heller 7½ yenye rangi nyekundu. Ilichapishwa kwanza katika karatasi tupu, kisha ikachapishwa tena katika karatasi yenye alama ya maji. Picha ni ileile, rangi ni ileile, thamani ni ileile. Hata hivyo hizo ni stempu mbili za vipindi viwili tofauti, na kila moja ina nafasi yake katika katalogi.

Alama ya maji hutengenezwa karatasi ikiwa bado mbichi. Rola yenye umbo fulani hupitishwa juu ya rojo la karatasi, na pale inapogusa karatasi huwa nyembamba zaidi. Inapokauka, umbo hilo hubaki ndani yake. Katika stempu za Wajerumani umbo hilo lilikuwa la vipande vya pembe nne vilivyolala kama almasi, vimejipanga mfululizo kama nakshi ya mkeka.

Mtu hawezi kuiona alama hiyo kwa kutazama uso wa stempu. Njia ya kwanza ni kuigeuza na kuikabili na mwanga. Ikishindikana, stempu hulazwa kifudifudi katika kisahani cheusi na kudondoshewa matone machache ya benzini safi, mbali na moto wowote. Sehemu nyembamba za karatasi huonekana nyeusi zaidi kwa muda mfupi, kisha kimiminika hukauka na alama hutoweka.

Kwa hiyo anayetaka kujua stempu ya Kijerumani iliyotumika katika eneo hili ni ya mwaka gani huanzia nyuma ya karatasi. Kwa stempu za Tombeur njia hiyo haisaidii, kwa sababu stempu za Kongo ya Ubelgiji za wakati ule hazikuwa na alama ya maji. Utambuzi wake unategemea rangi, wino na umbo la herufi, na kwanza kabisa ufahamu wa mambo yaliyotokea katika miezi michache ya mwaka 1916.

Mwendo wa kuelekea Kigali na Tabora

Tombeur alitumia zaidi ya mwaka mmoja kujiandaa. Tatizo lake kubwa halikuwa adui bali umbali. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari ya kumfikisha Kivu, na kila risasi, kila gunia la chakula na kila kipande cha mzinga kilibebwa kichwani au mabegani mwa watu. Ilimlazimu kukubaliana na Waingereza waliokuwa Uganda ili apate njia na wapagazi.

Aprili 1916 mashambulizi yalianza. Zaidi ya askari 10,000 wa Force Publique waligawanywa katika brigedi mbili. Ya kaskazini iliongozwa na Kanali Philippe Molitor, ambaye alipitia upande wa Uganda. Ya kusini iliongozwa na Frederik-Valdemar Olsen, ofisa mwenye asili ya Denmark, ambaye alivuka eneo la Mto Rusizi na Ziwa Kivu.

Kapteni Max Wintgens, aliyeongoza Wajerumani nchini Rwanda, alikuwa na askari wachache mno kuweza kushikilia pande zote mbili. Alirudi nyuma. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei, na siku chache baadaye majeshi ya Ubelgiji yakafika Nyanza, makao ya Mfalme Yuhi V Musinga. Mfalme hakukimbia na Wajerumani. Alibaki nchini mwake, akajikuta akilazimika kuzungumza na wageni wapya.

Mwezi Juni Usumbura na Gitega zilianguka. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliiacha Kigoma, baada ya kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Meli hiyo iliibuliwa baadaye na inajulikana hadi leo kwa jina la Liemba. Tarehe 19 Septemba askari wa Tombeur waliingia Tabora, mji muhimu wa reli ya kati.

Kwa Wabelgiji waliokuwa uhamishoni, Tabora ilikuwa habari ya faraja katika mwaka mchungu. Kwa watu wa Rwanda, mwaka huohuo ulianza kipindi cha shida kubwa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, vyakula na vijana wa kubeba mizigo. Kaskazini magharibi mwa nchi kulifuata njaa kali inayokumbukwa kwa jina la Rumanura, iliyoendelea hadi mwaka 1918.

Neno moja juu ya stempu

Jeshi linaloteka nchi huhitaji posta. Maofisa huandika nyumbani, taarifa husafiri, na utawala mpya hutaka kuonekana kwamba upo. Wabelgiji walifungua posta za vitani, na mihuri yake ilikuwa na namba pamoja na herufi BPC na VPK, vifupisho vya maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yenye maana ya ofisi ya posta ya vitani.

Hakukuwa na nafasi ya kuagiza stempu mpya Ulaya. Zilichukuliwa stempu za Kongo ya Ubelgiji za mwaka 1915, zilizochapishwa na kampuni ya Waterlow jijini London, na zikapigwa chapa ya juu yenye jina la eneo. Kwa kuwa amiri wa majeshi alikuwa Tombeur, wakusanyaji wakazipa jina lake.

Thamani zilikuwa saba: sentimu 5, 10, 15, 25, 40 na 50, pamoja na faranga 1. Picha zilikuwa za Kongo tupu: bandari ya Matadi, maporomoko ya Stanley, uwindaji wa tembo. Mtu aliyepokea barua yenye stempu hiyo aliona mandhari ya nchi moja na jina la nchi nyingine.

Namna ya kuzitambua

Stempu halisi za Tombeur ni adimu na za bandia ni nyingi. Sababu yake ni rahisi. Stempu za kawaida za Kongo za mwaka 1915 zilikuwa zinapatikana kwa bei ndogo, na mtu mwenye herufi chache za chuma na wino angeweza kuongeza neno RUANDA na kuipandisha thamani mara nyingi kwa dakika moja.

Uchunguzi huanzia kwenye stempu ya chini, ile iliyobeba chapa, na hapo ndipo rangi inapotoa ushahidi. Kongo ilikuwa na stempu nyingine za mwaka 1910 zenye picha zinazofanana na zile za mwaka 1915, lakini rangi za fremu zilibadilishwa kwa baadhi ya thamani. Sentimu 15 ya mwaka 1910 ina rangi ya manjano ya udongo, na ya mwaka 1915 ni kijani kinachoelekea buluu. Faranga 1 ya mwaka 1910 ni nyekundu, na ya mwaka 1915 ina rangi ya zeituni. Neno RUANDA likionekana juu ya faranga 1 nyekundu, aliyelipiga alikosea mfululizo wa stempu.

Kwa thamani nyingine tofauti si kubwa hivyo. Sentimu 5 ni kijani na sentimu 25 ni buluu katika mifululizo yote miwili. Hapo jicho hulazimika kupima namna rangi ilivyokolea au kufifia, na meno ya ukingoni kuhesabiwa kwa kipimo maalumu.

Kupima rangi kuna masharti yake. Hufanywa kwa mwanga wa mchana, si chini ya taa ya njano. Stempu huwekwa kando ya nyingine ambayo uhalisi wake umethibitishwa, kwa sababu kumbukumbu ya rangi hudanganya. Mchunguzi pia hujiuliza stempu imepitia wapi. Jua hufifisha nyekundu, unyevu hubadilisha karatasi, na dawa huweza kugeuza rangi kabisa. Fremu ikiwa imepauka wakati picha nyeusi ya katikati imebaki imara, huenda ni mwanga uliofanya kazi hiyo na wala si mchapishaji.

Hatua inayofuata ni wino wa chapa. Katika stempu iliyotumika kwa haki, chapa hutangulia na muhuri wa posta hufuata, kwa hiyo wino wa muhuri hulala juu ya wino wa chapa. Lenzi ikionyesha kinyume chake, maana yake neno RUANDA liliongezwa baada ya stempu kupita posta. Muhuri nao husomwa. Ukitaja tarehe iliyotangulia kutwaliwa kwa mji wenyewe, hadithi haiwezi kuwa ya kweli.

Mwisho huja umbo la herufi: urefu wake, unene wa mistari, nafasi kati ya herufi moja na nyingine. Hapa mtu mmoja na kitabu chake hawatoshi. Wanunuzi waangalifu hutaka cheti cha jopo la wataalamu waliokwisha kulinganisha vielelezo vingi. Asiye na cheti hujua kwamba ameshika swali ambalo bado halijajibiwa.

Kuna pia stempu za Kongo zilizopigwa majina ya KAREMA, KIGOMA na TABORA. Makatalogi makubwa huonya kwamba hizo hazikuidhinishwa rasmi. Anayezipanga katika albamu kama stempu za serikali huupa uhalali uamuzi ambao serikali haikuufanya.

Jina lililoondolewa

Stempu zenye neno RUANDA hazikudumu. Katika mwaka huohuo wa 1916 zilikuja nyingine za Kongo zenye chapa ya mistari minne, kwa Kifaransa na Kiholanzi. Maana yake ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ukaliaji wa Kibelgiji. Rwanda na Burundi zikatoweka tena katika stempu.

Maneno hayo mapya yalikuwa na uzito wa kisheria. Kwa mujibu wa kanuni za vita zilizokubaliwa The Hague mwaka 1907, nchi iliyotekwa haiwi mali ya mtekaji kabla ya mkataba wa amani. Mtekaji huikalia tu. Chapa ya mistari minne ilieleza hali hiyo barabara: koloni bado liliitwa la Kijerumani, na Mbelgiji alikuwa mkaliaji.

Maneno hayo yalilingana pia na hesabu za kisiasa. Wakuu wa Ubelgiji hawakuwa na hakika kwamba wanataka kubaki Rwanda na Burundi. Walifikiria kuzitumia nchi hizo kama kitu cha kubadilishana katika meza ya amani, ili wapate ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Kongo uliokuwa mikononi mwa Wareno. Mamilioni ya watu walikuwa rehani ya mazungumzo ambayo hawakujua kama yapo.

Mabadilishano hayo hayakufanikiwa. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji walikubaliana: Tabora, Kigoma na Tanganyika yote iliyobaki zikaenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi zikabaki kwa Wabelgiji chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1924 stempu za Kongo zilipigwa chapa mpya, RUANDA URUNDI. Jina lilirudi baada ya miaka minane, safari hii likiwa limeunganishwa na la jirani, na mwaka 1931 zikatoka stempu zilizochorwa mahsusi kwa nchi hizo mbili.

Hivyo katika muda wa miaka minane barua iliyotoka Kigali ingeweza kubeba meli ya Mfalme wa Ujerumani, kisha RUANDA, kisha ukaliaji wa Kibelgiji, kisha RUANDA URUNDI. Anayezipanga kwa usahihi hupata kalenda ya utawala. Akikosea moja, hukosea pia nani alikuwa na mamlaka gani na tangu lini.

Baroni wa Tabora

Tombeur hakuikaa nchi aliyoiteka kwa muda mrefu. Baada ya Tabora, utawala wa maeneo yaliyokaliwa ulikabidhiwa kwa Justin Malfeyt, kamishna wa kifalme. Jenerali alirudi kwenye kazi za utawala Katanga, na baadaye akastaafu Ubelgiji.

Mwaka 1926 alipewa cheo cha baroni, na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina la ukoo wake. Mji wa Wanyamwezi, wa misafara ya pwani na wa miembe, ukawa sehemu ya jina la mtukufu wa Kibelgiji, ingawa kwa wakati huo ulikuwa chini ya bendera ya Uingereza.

Mfalme Musinga, ambaye majeshi ya Tombeur yalimkuta Nyanza, aliondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931 akapelekwa uhamishoni. Alifia Kongo mwaka 1944. Kandt, mwanzilishi wa Kigali, alikwisha fariki mwaka 1918 katika hospitali ya jeshi mjini Nuremberg, bila kuiona tena Rwanda aliyoiacha kabla ya vita.

Tombeur aliishi kuliko wote wawili. Alifariki tarehe 2 Desemba 1947 mjini Brussels, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 1951 mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa katika eneo la Saint-Gilles mjini humo.

Majina ya wapagazi waliomfikisha Tabora hayamo katika stempu yoyote. Wengi wao walikufa njiani kwa maradhi, baridi ya milimani na uchovu, na makaburi yao hayana alama. Hilo nalo ni jambo ambalo stempu za Tombeur husema kwa anayezitazama kwa makini: waliopata nafasi ya kuandika jina la nchi juu ya karatasi ni wale waliokuwa na wino.

Kinachosomeka leo

Nyumba inayohusishwa na Kandt imesimama hadi sasa wilayani Nyarugenge, Kigali, na imegeuzwa makumbusho yanayoeleza enzi ya Wajerumani. Kiswahili, ambacho hakikupata nafasi katika stempu za Wajerumani wala katika chapa za Wabelgiji, kimeendelea kuzungumzwa Biryogo na Nyamirambo kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2017 kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda.

Bado yapo masanduku ya familia na bahasha kuukuu katika eneo hili la Maziwa Makuu ambazo huenda hazijafunguliwa kwa miaka mingi. Ushauri wa wataalamu kwa anayekuta stempu ya zamani juu ya bahasha ni mmoja: asiibandue. Bahasha nzima, pamoja na muhuri, tarehe na anwani, hutoa ushahidi ambao stempu iliyobanduliwa haiwezi kuutoa tena. Asiisugue, asiioshe, wala asiiuze kabla ya kujua ni nini.

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ilitoa stempu zake yenyewe mwaka huohuo. Jina la nchi lilikuwa sehemu ya stempu hizo tangu mwanzo, limechapwa pamoja na picha.